Jinsi ya Kuchora Mtandao wa Chakula wa Ziwa Victoria na Kufuatilia Nishati Ndani Yake

Wanaochora mtandao wa chakula, yaani mchoro unaounganisha viumbe na vile wanavyokula, kwa mara ya kwanza huanza na mnyama mkubwa, kisha hushuka wakitafuta anachokula; kwa njia hiyo viumbe wadogo, ambao ndio hupitisha nishati nyingi zaidi, husahaulika. Anza na jua. Chini kabisa ya karatasi andika mwani, unaonasa mwanga na kutengeneza sukari kwa usanisinuru, na pembeni yake andika mabaki yanayooza, kwa maana matope ya ziwani nayo hulisha wengi.

Juu ya mwani weka planktoni wanyama, viumbe wadogo mno wanaoelea majini. Juu ya mabaki weka uduvi na mabuu ya wadudu. Ndipo wafuate dagaa, ambao hula planktoni, na furu, samaki wadogo ambao walikuwa zaidi ya aina 500 na kila kundi lilikuwa na chakula chake. Sangara aje baadaye, pamoja na furukombe, ndege mla samaki, na binadamu.

Kila mshale utoke kwa anayeliwa na uelekee kwa anayekula, kwa kuwa mshale huonyesha nishati inakokwenda, si nani anamwinda nani. Kuugeuza mshale ni kosa dogo, lakini huharibu hesabu yote inayofuata.

Sasa weka tarakimu. Chukulia kwamba mwani una kilojuli 10,000. Kwa kanuni ya makadirio ya sehemu moja ya kumi, planktoni watabaki na 1,000, dagaa 100, na sangara anayekula dagaa 10. Kiasi kinachopita hutofautiana, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 20, lakini sababu ya upungufu ni ileile: sehemu ya chakula hailiwi, nyingine hutoka kama kinyesi, na sehemu kubwa hutumika katika kupumua na kuogelea hadi ikawa joto ambalo hakuna kiumbe awezaye kulirudisha kuwa chakula. Kwa hiyo chora pia mshale wa joto unaotoka kwa kila kiumbe. Msingi wa hesabu hii uliwekwa na Raymond Lindeman katika makala yake ya mwaka 1942, baada ya kuchunguza ziwa dogo la Cedar Bog huko Minnesota, Marekani.

Ugumu huanza kwa sangara, na hapa inafaa kutulia. Sangara mchanga hula uduvi na wadudu. Akikua hula samaki, wakiwamo watoto wa sangara wenzake, kwa hiyo hawezi kupewa ngazi moja, yaani hatua moja ya ulaji: mwani na mabaki ni ngazi ya 1, anayevila ni ya 2, na kuendelea. Tafuta wastani wa ngazi za vyakula vyake, kisha ongeza moja. Ikiwa nusu ya mlo wake ni dagaa, walio ngazi ya 3, na nusu ni uduvi, tunaowaweka ngazi ya 2, wastani ni 2.5, naye anakaa ngazi ya 3.5. Hesabu hii husaidia kuelewa yaliyotokea baada ya sangara kuletwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuongezeka ghafla miaka ya 1980. Furu walipopungua vibaya, yeye aligeukia uduvi, dagaa na watoto wake. Uduvi wako karibu zaidi na chanzo cha nishati kuliko samaki, hivyo kwa njia hiyo kiasi kinachopotea kabla ya kumfikia ni kidogo.

Usiishie ufukweni. Minofu ya sangara husafirishwa hadi Ulaya, na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki, huliwa hapa. Dagaa wanaoliwa na mtu moja kwa moja humpa nishati zaidi kuliko dagaa haohao wakisagwa kuwa chakula cha kuku, kwa kuwa kuku huongeza ngazi nzima ya upotevu.

Virutubisho kama fosforasi na naitrojeni zichorwe kwa rangi nyingine, kwa sababu waozeshaji huzirudisha kwa mwani, ilhali nishati hupita mara moja tu. Mwisho, hakiki kila kiumbe: nishati inayoingia ilingane na joto, kinyesi, ukuaji na kinacholiwa vikijumlishwa. Isipolingana, kuna mshale uliousahau, na mara nyingi ni ule wa kwenda kwenye matope.