Jinsi ya kupeleka ombi la wakaazi Baraza la Mji: mitaro, taka na njia za mtaani Pemba

Mtaro ukiziba Wete au Chake Chake, watu hulalamika kwenye baraza za nyumba mpaka masika yapite, na vijana hupiga picha wakazirusha WhatsApp. Yote hayo hayafunguliwi jalada. Kinachofunguliwa jalada ni barua yenye saini za wakaazi, iliyopokelewa masjala na kugongwa muhuri.

Kwanza jueni tatizo ni la nani, maana barua nyingi hupotelea hapa. Taka, majaa, masoko na mitaro ya mtaani ni kazi ya Baraza la Mji. Wete, Chake Chake na Mkoani kila mmoja una lake. Micheweni ni Halmashauri ya Wilaya. Barabara kuu ni za wizara inayosimamia ujenzi na uchukuzi na Wakala wake wa Barabara, wala hamna haja ya kupanda boti kwenda Unguja: wizara ina Afisa Mdhamini, yaani mkuu wake wa huku Pemba, mwandikieni yeye. Bomba lililopasuka ni la Mamlaka ya Maji, ZAWA. Mradi ukimwaga maji machafu pwani, hilo ni la Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, kwa Sheria Namba 3 ya 2015. Huko ulizeni jambo moja tu: je, mradi huo ulifanyiwa tathmini ya athari za mazingira ukapewa cheti? Ni swali gumu kulikwepa.

Tatizo likiwa na wenyewe wawili, kwa mfano mtaro wa mtaa unaomwaga maji barabara kuu, mwandikieni mmoja na mwengine mpeni nakala. Mkiwaandikia wote sawasawa, kila mmoja atamsubiri mwenzake.

Kisha nendeni kwa Sheha, mkuu wa shehia yenu, na muende kabla ya kukusanya saini. Sheha hapigiwi kura, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na akisikia pembeni kuwa kuna karatasi inazunguka shehiani atadhani anashitakiwa yeye. Kuzibua mtaro si uamuzi wake, ila muhuri wake unathibitisha kwamba nyinyi ni wakaazi wa hapo. Ndiyo maana chini ya anwani ya Mkurugenzi wa Baraza huandikwa "K.K. Sheha wa Shehia ya…", yaani kwa kupitia kwake. Akigoma kupitisha, msigombane naye. Pelekeni barua kwa Mkuu wa Wilaya na mueleze kwa ustaarabu kwamba kwa Sheha mlifika.

Barua iwe ukurasa mmoja na jambo moja. Mkichanganya mtaro, taa za njiani na mbuzi wanaozurura, mtajibiwa la mbuzi. Baada ya "KUH: OMBI LA KUZIBULIWA MTARO" na jina la mtaa, ingieni moja kwa moja. Sentensi kama "hali ni mbaya sana na wananchi tunateseka" haimsaidii fundi. Mwambieni hivi: "Mtaro umejaa mchanga na mifuko kuanzia karavati la karibu na msikiti hadi ukuta wa skuli. Mvua ikinyesha maji huingia katika nyumba sita, na watoto hupita katikati ya barabara." Halafu semeni mnachotaka: kuzibuliwa, kujengwa upya au kufunikwa? Hayo ni matatu na gharama zake ni mbalimbali. Mkiwa tayari kutoa nguvu kazi, andikeni. Baraza huona wepesi kuleta gari ya kubeba mchanga kuliko kuleta gari na vibarua pamoja.

Kwenye saini wekeni jina kamili, mtaa, simu na sahihi. Asiyeandika aweke dole gumba. Kichwa cha ombi kirudiwe juu ya kila karatasi, ili majina yenu yasije yakabandikwa kwenye jambo jengine. Thelathini wanaoishi kando ya mtaro wana uzito kuliko mia tatu waliookotwa sokoni. Pigeni hodi majumbani pia, kwani wanaume ndio wanaokaa barazani lakini wanaokumba maji ukumbini ni kina mama. Na tafadhali, karatasi isipite maskani ya chama chochote. Kwetu huku jambo likishapakwa rangi ya chama, mtaro husahauliwa.

Chapisheni nakala tatu. Moja inabaki masjala, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi nanyi. Msiondoke bila ya hiyo. Nakala ya tatu mpelekeeni diwani wa wadi, kwa sababu yeye ndiye anayekaa kikaoni.

Angalieni pia wakati. Kuzibua kuombwe kabla ya masika kuanza mwezi Machi. Karavati jipya linataka bajeti, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, hivyo ombi linalofika Juni limeshachelewa.

Mkikaa wiki chache bila ya jibu, andikeni barua fupi ya kukumbusha, mtaje tarehe ya kwanza na muambatanishe nakala yenye muhuri. Ikishindikana, hiyo hiyo nakala pelekeni kwa Mkuu wa Wilaya. Fundi akija kukagua, mtu mmoja aliyepangwa amtembeze mtaro mzima, siyo ile sehemu ya karibu na gari yake tu.