Namna ya Kupanga Likizo ya Theluji na Treni katika Milima ya Alps Ukitokea Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kwenda kuteleza kwenye theluji katika milima ya Alps kwa kawaida huanza kwa kutafuta hoteli, na treni huikumbuka mwishoni kabisa, kama mtu anayeulizia daladala ya kumtoa stendi. Ushauri wangu ni kuanza na treni. Nchini Uswisi treni ni nusu ya likizo yenyewe, na kwa anayevaa skii, zile mbao ndefu za kutelezea, kwa mara ya kwanza huenda ikawa nusu iliyo bora zaidi, kwa sababu miguu itachoka siku ya pili ilhali macho hayatachoka.

Msimu wa kutegemewa ni kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Machi. Likizo ya shule zetu huangukia Desemba, wakati ambao vyumba vya Krismasi na Mwaka Mpya huuzwa kwa bei ya kutisha. Asiyebanwa na ratiba ya shule na asafiri baada ya wiki ya kwanza ya Januari, kabla familia za Ulaya hazijaanza likizo zao za Februari. Maombi ya viza ya Schengen, viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa mapema hadi miezi 6 kabla ya safari, na yasicheleweshwe kupita siku 15 kabla yake. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Bima inayodaiwa ni ya euro 30,000 au zaidi, lakini usitosheke na kiwango hicho. Soma masharti uone kama yametaja michezo ya theluji na uokoaji mlimani, kwa maana majeruhi wa huko mara nyingi hubebwa kwa helikopta, na bili humfuata.

Ndege za kuunganisha kupitia Doha, Dubai au Istanbul hukufikisha Zurich, ambako stesheni ya treni iko uwanjani hapo hapo. Kutoka hapo nenda Visp, kisha panda treni ya bondeni hadi Zermatt, mji usioruhusu magari ya kawaida, uliopo mita 1,600 hivi juu ya bahari chini ya mlima Matterhorn wenye mita 4,478. Anayeona vyumba vya Zermatt vimemshinda alale Täsch, kijiji cha jirani kilicho dakika 12 tu kwa treni.

Baada ya siku nne au tano Zermatt, panda Glacier Express, treni ya kitalii yenye madirisha makubwa, hadi mji wa St. Moritz. Safari hiyo huchukua saa 8 hivi, hupita madaraja 291 na mahandaki 91, na hufika mita 2,033 kwenye njia ya mlimani ya Oberalp, ambako treni hupanda kwa kushika reli ya meno, yaani reli ya katikati ambayo gurudumu lenye meno huing'ata ili treni isiteleze. Kiti lazima kiwekwe mapema na hulipiwa kando, hata kwa mwenye tiketi ya Swiss Travel Pass inayomruhusu kupanda treni nchi nzima. Kutoka St. Moritz, njia ya reli ya Bernina hupanda hadi mita 2,253, kisha hushuka mpaka Tirano, Italia, kwenye mita 429, bila reli ya meno hata kidogo. Njia hiyo pamoja na ile ya Albula, ambayo Glacier Express huipita kufika St. Moritz, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Hapa pana siri ndogo ya kuokoa fedha: treni za kawaida za abiria hupita kwenye reli zile zile, hazidai kuweka kiti, na mandhari haipungui. Mimi ningelipia madirisha makubwa mara moja tu, kwenye Glacier Express, na Bernina ningeipanda kwa treni ya kawaida.

Aliyewahi kusafiri na Reli ya Kati, ile ya zamani kabla ya SGR, atafurahi kujua kwamba treni zote mbili hutembea kwenye reli yenye upana wa mita moja, sawasawa na ile iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905.

Sasa skii zenyewe. Usinunue chochote; skii, buti, fimbo na helmeti hukodishwa mjini. Buti zibane mguu bila kuumiza, na soksi iwe moja tu, ndefu na nyembamba, kwa kuwa soksi mbili hujikunja na kuchubua ngozi. Lipia mwalimu kwa asubuhi tatu mfululizo badala ya kutegemea rafiki anayejua, ambaye atakupeleka kwenye mteremko wake, si wako. Somo la kwanza ni kukaribisha ncha za mbele za skii, mfano wa kabari, ili upunguze mwendo. La pili ni kuanguka kwa ubavu na kuinuka. Njia hupangwa kwa rangi: bluu ni rahisi, nyekundu ni ya wastani, nyeusi ni ya wazoefu. Mgeni abaki kwenye uwanja wa wanaoanza, kama ule wa Sunnegga juu ya Zermatt, na mchana, miguu ikianza kutetemeka, aache. Ni wakati mzuri wa kupanda treni ya Gornergrat, inayopanda mlimani kutoka Zermatt, inayofanya kazi tangu 1898 na kufika mita 3,089.

Kuhusu nguo, makoti mazito hupatikana kwenye mitumba ya Karume kwa bei ambayo Zermatt haingekununulia hata glovu. Zingatia tabaka: nguo ya ndani isiyo ya pamba, sweta la sufu, kisha koti na suruali visivyopitisha maji. Mafuta ya kujikinga na jua na miwani si anasa, hata kwa ngozi nyeusi. Theluji hurudisha mionzi usoni kutoka chini, na midomo hupasuka. Chakula cha mgahawani ni ghali, hivyo nunua mkate na jibini dukani, na jaza chupa maji ya bombani, yanayonyweka.

Siku ya kurudi, panda treni kutoka St. Moritz hadi mji wa Chur; kutoka hapo treni hufika Zurich kwa saa moja na robo hivi, kwa hiyo hakuna haja ya kulala mjini. Koti livue ndani ya ndege, kabla mlango haujafunguliwa Dar.