SOMO: Namna ya kumzika na kumkumbuka mbwa uliyemuokota (kwa tuliopo Mtwara na Lindi)

Habari zenu wadau. Naliandika hili mara moja ili mtu akiniuliza nimrushie hapa, maana swali la "mbwa wangu kafa nifanyeje" nimelijibu mpaka vidole vinauma, na wengi wanauliza jioni wakati mnyama kakaa na joto letu hili tangu alfajiri.

Nazungumzia mbwa koko, wale tuliowatoa jalalani, stendi, sokoni nyuma ya mabucha. Mbwa wa kununua anajulikana kazaliwa wapi, mama yake nani, kuna mtu ana picha yake ya utoto. Huyu wa kuokota maisha yake yanajulikana kuanzia siku uliyomuona wewe, na anayeyajua ni wewe tu. Ndiyo maana nasisitiza kuweka kumbukumbu, na ndiyo maana kazi inaanza saa ileile.

HATUA YA 1: Jiulize amekufaje, kabla hujamgusa. Kama siku za mwisho alibadilika tabia, akang'ata hovyo, akashindwa kumeza, mate yanachuruzika, miguu ya nyuma inalegea, basi hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Usimuoshe, usimkumbatie, watoto wakae mbali, mpigie afisa mifugo wa kata aje. Aliyeng'atwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu aende hospitali siku hiyohiyo, Ligula kwa wa Mtwara mjini, Sokoine kwa wa Lindi, popote palipo karibu. Asisubiri kuona dalili, zikishatokea karibu hakuna anayepona.

HATUA YA 2: Hakikisha kweli amekufa. Shika kifuani nyuma ya kiwiko cha kushoto, gusa pembe ya jicho, angalia pumzi.

HATUA YA 3: Mkunje miguu kama amelala, mapema, kabla hajakakamaa. Baada ya saa chache hakunjiki na shimo litabidi liwe refu mara mbili.

HATUA YA 4: Chukua alama zake. Wino wa muhuri wa steshenari, paka unyayo, bandika kwenye karatasi nene, rudia mpaka utoke vizuri. Kata manyoya kidogo ya shingoni, weka kwenye bahasha ya karatasi, kwenye nailoni yanapata ukungu. Vua mkanda wake wa shingo, uoshe, uanike. Vaa glavu, au hata mifuko mikononi.

HATUA YA 5: Mfunge kwa shuka kuukuu, khanga au gunia la katani. Salfeti na nailoni hapana, haziozi.

HATUA YA 6: SHIMO. Hii someni taratibu, ilishanishinda na sitaki imkute mtu mwingine. Mchanga wetu wa pwani unadanganya, unachimba dakika kumi unaona tayari, kumbe ni futi mbili tu na kingo zinaporomoka zinaziba chini bila wewe kujua. Mimi nilifukia hivyohivyo, na mbwa wenzake wakamfukua usiku. Sitaeleza nilichokikuta asubuhi. Kwa hiyo udongo utakaokuwa JUU ya mwili usipungue mita moja, siyo shimo lote mita moja, juu ya mwili. Kwenye mchanga panua mdomo wa shimo ili kingo zilale. Ukigonga mwamba wa matumbawe kama kule Mikindani usilazimishe, hama sehemu. Ukishafukia nusu panga mawe, kisha udongo tena, kisha matawi ya miiba juu, maana mawe ya juu peke yake mbwa anayasukuma. Kaa mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na usichimbe bondeni, mvua za Desemba mpaka Aprili zikija maji yanapanda. Acha tuta, litashuka lenyewe.

Na kama amekula sumu msimtupe porini jamani, kunguru na mbwa wengine watamla na sumu inaendelea kuua.

HATUA YA 7: Alama ya kaburi. Sisi tumekaa kwenye mpingo halafu mtu anaweka kibao cha mbao laini, mchwa wanamaliza mapema. Nenda kwa wachonga vinyago, omba kipande kilichobaki, akuchongee jina. Chukua kiini cheusi tu, ile nyama nyeupe ya pembeni mchwa wanaila. Panda asumini au rehani pembeni. Mnyaa usipande kama kuna watoto, utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa.

HATUA YA 8: Andika. Daftari la kawaida linatosha: ulimuokota wapi, alikuwa na hali gani, alikataa kula nini, aliogopa nini, nani alimpa jina. Wa kwangu aliitwa Korosho kwa sababu tulimtoa ghalani msimu wa korosho, alikuwa akisikia pikipiki anaingia chini ya kitanda mpaka uzee wake. Hayo yasipoandikwa wiki hiyo yanachanganyika na ya mbwa mwingine. Picha safisha mbili tatu, simu inaibwa.

MASWALI

Dereva wa Masasi: Mkuu mimi niko mjini sina eneo, si namtupa tu baharini yanaisha?
Mleta somo: Hapana, atarudi ufukweni na maji kupwa kujaa. Omba sehemu kwa mwenye shamba, wengi wanakubali ukiwaambia utachimba kwenda chini.

Dereva wa Masasi: Sasa shimo futi ngapi?
Mleta somo: Hatua ya 6.

Binti Shangani: Samahani kaka, mimi Muislamu na majirani wamenisema sana kumfukia mbwa na shuka, wanasema najisi. Nimekosea?
Mleta somo: Dada yangu pole sana kwa msiba. Kwa sisi wa Shafii palipolowa mate yake unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo, unaendelea na ibada zako. Shuka siyo sanda na hukumsalia, umemfukia mnyama asioze barabarani. Surat al-Kahf inamtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni, kanyoosha miguu yake mlangoni. Na hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi, unaijua. Ukiwa na wasiwasi muulize sheikh wako kwa utulivu, majirani waache.

Kijana wa Nachingwea: Watu hawana hela ya dawa nyie mnachongea mbwa mpingo.
Mleta somo: Kipande cha mabaki na jasho langu la kuchimba havijamnyima mtu dawa. Kama huna swali pisha wenye maswali.

Nahodha Kilwa: Wa kwangu alipotea tu, hakuonekana tena, sina cha kuzika. Nafanyaje?
Mleta somo: Pole nahodha. Fanya hatua ya 7 na 8 hivyohivyo, chagua sehemu aliyopenda kulala. Laika, yule mbwa aliyerushwa angani na Wasovieti Novemba 1957, alikuwa mbwa wa mitaani Moscow, na hana kaburi, chombo kiliungua nae kikirudi Aprili 1958. Mwaka 2008 wakamjengea sanamu Moscow. Kukosa mwili kusikuzuie. Ukitaka niandikie hapa alikuwaje, nitasoma.

Mchonga Vinyago: Nyongeza, mpingo mbichi unapasuka ukikauka. Ukishachonga paka nta ya mshumaa kwenye ncha mbili, uweke kivulini kwanza, usiupeleke juani.
Mleta somo: Asante fundi, hii nilikuwa siijui. Wadau chukueni hiyo.

Mama wa Ng'apa: Wetu kafa kwa kuhara damu, mtoto analia anataka mwingine leo leo. Tumpe?
Mleta somo: Subirini mama. Kama ni parvo, ule ugonjwa wa mbwa wa kuhara damu, kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na mtoto wa mbwa asiyechanjwa atakufa hivyohivyo. Sakafu na vyombo osheni kwa sabuni kwanza, kisha jiki sehemu moja kwa maji thelathini, iache dakika kumi. Uwanja wa udongo hausafishiki kwa jiki. Mkitaka mbwa karibuni chukueni mkubwa aliyekwisha chanjwa. Na huyo mtoto mpeni daftari aandike yeye ya yule aliyeondoka.

Mtaalam wa Kupe: Kupe wa mbwa aliyekufa wanahama, wanatafuta mwingine. Mkifunga shuka kazeni, na banda lake limwagieni dawa ya kuogeshea mifugo.
Mleta somo: Kweli kabisa. Na ile dawa pimeni kama kibandiko kinavyosema, siyo kwa macho.

Dereva wa Masasi: Nimepata shamba Naliendele. Nimepanga lakini, nikihama mkoa nimfukue niende nae?
Mleta somo: Usimfukue. Chukua kibao cha mpingo na daftari, mwenye shamba mwambie asilime pale. Nimefurahi umepata sehemu, nenda na jembe na mtu wa kupokezana.