Jinsi ya kufundisha mizizi ya Kigiriki na Kilatini kwa fomu wani bila kuwakaririsha orodha

Walimu wenzangu wa Kanda ya Ziwa, hii ni kwa wale mnaopokea fomu wani, watoto wametoka darasa la saba wamesoma karibu kila kitu kwa Kiswahili afu ghafla wanakutana na photosynthesis, atmosphere na classification ndani ya wiki moja. Wengi wanakariri tu wasonge mbele. Mizizi ya maneno, yaani vile vipande vinavyobeba maana, inasaidia sana hapo, ila kuna watu wanaprinti orodha ya mizizi mia wanabandika ukutani wanasema haya karirini, sasa hapo si umewaongezea lugha mbili juu ya ile moja iliyowashinda?

Mi nasema usianze na Kigiriki kabisa, anza na Kiswahili. Andika ubaoni -pik- uwaambie wataje maneno yote yanayotoka hapo, utaletewa pika, pikia, pikwa, pikika, mpishi, mapishi, hata wale wa dawati la nyuma watachangia. Afu waulize, mbona kwenye mpishi k haipo? Watakwambia imegeuka sh. Hapo ndo pa kukomaa napo, kwa sababu Kilatini nacho kina tabia hiyo hiyo, scrib ya kuandika inageuka script, vid ya kuona inageuka vis, ndo maana describe na description ni ndugu, video na visible ni ndugu. Mtoto ambaye anajua mpishi na pika ni ukoo mmoja hashangai tena. Kunyambua walishafanya primari, wewe unawaonyesha tu kwamba Kiingereza nacho kinanyambulika, na kwamba sehemu kubwa ya maneno yake ya kisayansi yamejengwa kwa vipande vya Wagiriki na Warumi.

Baada ya hapo chagua mizizi kwa kuangalia mwalimu wa jografia au bailojia anafundisha nini wiki hiyo, sio kwa alfabeti. Jografia ni tajiri mno. Chukua chupa ya chai ya stafu, ile wengi tunaita themosi, iweke mezani uulize kazi yake nini. Kutunza joto. Basi thermo ni joto, meter ni kupima, thermometer wameshaijua bila kamusi. Kama shule ina kituo cha hali ya hewa wapeleke pale pale nje: baro ni uzito, kwa hiyo barometer inapima mgandamizo wa hewa, anemo ni upepo, hygro ni unyevu. Halafu leta iso, yaani sawa, uwaachie wenyewe isotherm na isobar, wataumba maana kabla hujafungua mdomo. Isohyet itawasumbua kidogo, waambie hyet ni mvua. Angalizo, hygro na hydro wanazichanganya kila mara, hydro ni maji yenyewe, ile ya hydrosphere, na ukiwa kwenye hydrosphere malizia familia nzima, litho jiwe, atmo mvuke, bio uhai, sphere tufe.

Historia pia usiiache. Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai 1959, ni Zinj, jina la zamani la pwani yetu hii, na anthropos, mtu. Homo habilis ni mtu stadi, kwa ajili ya zile zana za mawe.

Sasa sisi tulio ziwani tuna vitu vya bure. Majina ya kisayansi ya samaki yamejaa mizizi na watoto samaki wanawajua kuliko sisi. Dagaa wa hapa ni Rastrineobola argentea, argentum ni fedha ile ya madini, mwanafunzi aliyewahi kuona dagaa wameanikwa Mwaloni Kirumba, lile soko la samaki la Mwanza, wanavyong'aa hahitaji maelezo, na akifika kwenye kemia akiuliza kwa nini silver ni Ag jibu analo tayari. Sangara ni Lates niloticus, sato ni Oreochromis niloticus, wote wa Nile kwa jina. Magugu maji yale yanayoziba mialo jina lake la pili ni crassipes, crassus nene, pes mguu. Lete mmea mmoja darasani wabonyeze lile bua lilivyovimba, ndo mguu mnene wenyewe, kisha ubaoni ped: pedal, pedestrian, biped. Ila uchukue mwenyewe au umuombe mvuvi, usiwatume watoto kuingia majini, kichocho kipo. Na kichocho chenyewe ni somo, schistosomiasis, schisto iliyopasuka, soma mwili. Watacheka, soma ni mwili?! Waache wacheke, hawataisahau tena, afu waandikie chromosome: chroma rangi, soma mwili. Inatoshea.

Kwa mazoezi kata maboksi vipande, maka peni, kila kipande mzizi mmoja, nyuma yake maana kwa Kiswahili. Makundi yaunganishe maneno. Wataunda mengine ambayo hayapo duniani, sio tatizo, sheria iwe kwamba neno halihesabiki mpaka lionekane kwenye kamusi, watagombania kamusi na hicho ndo unachotaka.

Spelingi wasaidie kidogo, neno la Kigiriki lina dalili zake, ph inasomeka f, ch mara nyingi inasomeka k kama chemistry na stomach. Mtoto anayeandika fotosinthesis anaandika anachosikia, mwonyeshe photo inavyokaa kila mahali.

Mitego ipo na iseme mapema. Ped ya pedestrian ni mguu ya Kilatini, lakini ya pediatrics ni mtoto ya Kigiriki. Homo ya Homo habilis ni mtu, ya homogeneous ni sawa, lugha tofauti. In ya invisible inakanusha, in ya inspect ni ndani. Carpet haihusiani na gari wala pet. Na kuna majina yamejengwa juu ya kosa la wanasayansi wenyewe, oxygen maana yake mzalisha asidi, Lavoisier, mwanakemia wa Kifaransa aliyeipa jina hilo, alidhani kila asidi ina oksijeni, kumbe haidrokloriki haina. Kwa hiyo wazoee kukisia kwa mzizi kisha kuhakiki kwa sentensi, wasiamini mzizi peke yake.

Kwenye mtihani wa mwezi usiulize "bio ina maana gani", hiyo ni kukariri tena. Weka neno ambalo hawajawahi kuliona, tuseme hydrophobia ukiwa umeshawapa hydro na phobia, maksi za kuvunja vipande na maksi za kukisia. Madaktari wanalitumia kwa dalili ya kichaa cha mbwa ila mwanafunzi akiandika hofu ya maji mpe zote.