Shahada ya mawasiliano ya umma kwa anayetokea Kusini

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, simu yangu haipumui. Natangaza redio hapa Mtwara, kwetu ni Nyangao upande wa Lindi, na kila mzazi anayejua nilisoma mawasiliano ya umma anataka nimwelekeze mwanawe. Nimeona niandike, mdogo wangu, usome kwa nafasi.

Kama unachotaka ni kukaa nyuma ya maiki tu, nenda kasome stashahada. Ni njia fupi, utashika vifaa mapema na mshahara utauona mapema. Shahada ni miaka mitatu ya kuuliza nani kaamua leo tuongelee nini, nani kanufaika, na nani hakuulizwa kabisa. Swali hilo likikuwasha, endelea kusoma. Lisipokuwasha, nadharia zitakutesa bure.

Kiwango cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, ni principal mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4, kwa hesabu ya A 5, B 4, C 3, D 2, E 1. D mbili zinakufikisha mlangoni, lakini kila chuo kina masharti yake juu ya hapo. Pakua mwongozo wa TCU wa mwaka wako uusome mwenyewe, usiende na maneno ya kijiweni. Wengi wetu tunaelekea Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kule Mwanza. Angalia jina la programu kwa makini: uandishi wa habari, mawasiliano ya umma, na uhusiano wa umma na matangazo ni shahada tofauti, japo mtaani zote tunaziita "kusomea utangazaji".

Mkopo ndipo watoto wa huku wanapokwama, na mara nyingi kinachowakwamisha ni jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, cha kidato cha nne kinasema Mohamed. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na cha kifo pia kama umefiwa na mzazi, kwa hiyo shughulikia herufi hizo sasa hivi, kabla dirisha la Bodi ya Mikopo halijafunguliwa. Fomu itataka sahihi na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, kisha wa hakimu au wakili. Mtendaji wa kijiji akiwa safarini msimu wa korosho, utamsubiri. Na jua tangu leo kwamba ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inarudi Bodi.

Haya, umefika chuo. Vipindi ni Kiingereza, madesa ni Kiingereza, na wenzako waliosoma shule za mjini watakuwa wanajibu haraka haraka. Wasikutishe. Una kitu ambacho wengi wao hawana: unatoka mahali ambapo habari hutokea na kuandikwa na watu wa mbali. Kila nadharia utakayofundishwa, ilete nyumbani uijaribu. Hilo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Chukua nadharia ya kupanga ajenda, kwamba jambo linalopewa uzito na vyombo vya habari ndilo watu huliona kubwa. Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapigakura 100 wa Chapel Hill, Marekani, ambao walikuwa bado hawajaamua, kwenye uchaguzi wa 1968. Wakayalinganisha waliyoyataja kuwa mambo makubwa na yale vyombo vya habari vilivyoyapa uzito, wakakuta yanafanana mno. Matokeo yalichapwa 1972. Darasani wengi watakariri majina na mwaka, UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ipite. Wewe chukua Novemba 2018, Rais Magufuli alipotangaza serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kuzibeba. Nenda maktaba, fungua magazeti ya wiki zile. Halafu kaa na wakulima wa AMCOS yenu, chama cha ushirika wa mazao, uwaulize wao wakati ule waliumia kichwa kwa lipi: bei, au siku ya kulipwa? Usishangae ukikuta ajenda ya gazeti na ya mkulima zinapishana, na hapo umepata asaimenti ambayo mhadhiri hajawahi kuisahihisha.

Au chukua uundaji wa fremu, ambao Robert Entman aliufafanua vizuri 1993: kuchagua kipande cha jambo na kukikuza, mpaka chanzo chake, lawama na dawa yake vionekane vya aina moja tu. Mei 2013, bajeti ya nishati iliposomwa bungeni, Mtwara iliwaka kwa ajili ya bomba la gesi kwenda Dar. Usiandike insha ya hasira. Tengeneza jedwali la habari za magazeti ya siku zile.

Jedwali lenyewe ni hivi. Safu ya kwanza, tarehe na ukurasa. Ya pili, nani kanukuliwa: waziri, polisi, mbunge, mvuvi, mama lishe. Ya tatu, alipewa aya ngapi. Ya nne, tukio limeitwaje: vurugu, maandamano, au madai. Ya tano, picha inaonyesha nini. Jaza habari moja moja, bila kuruka zile zinazokuudhi. Ukimaliza, mpe rafiki habari chache kati ya hizo azijaze peke yake bila kuona zako. Mkilingana chini ya asilimia 80, maelezo ya safu zako yana ukungu, yaandike upya. Mimi naona kazi hii inamfundisha mtu kusoma gazeti kuliko lekcha nyingi za mwaka wa kwanza, na koswek, yaani kazi na majaribio ya muhula, kwa kawaida hubeba alama 40 kati ya 100, si za kuchezea.

Studio utajifunzia huko huko, sina mengi. Simu yako inatosha kuanzia, na programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, Audacity, ni ya bure. Adui wa sauti huku kwetu ni upepo. Ukirekodi kwenye kivuko cha Msangamkuu kusi ikivuma, mpe mgongo upepo, funika maiki kwa soksi safi, isogeze kiasi cha shibiri moja kutoka mdomoni mwa unayemhoji, na umwache amalize sentensi. Ukirudi chumbani, soma maelezo yako mbele ya nguo zilizotundikwa. Kuta tupu zitakufanya usikike kama uko kisimani.

Sheria usiisome kwa ajili ya mtihani tu. Ya Huduma za Habari na ya Haki ya Kupata Taarifa ni za 2016, ya Makosa ya Mtandao ni ya 2015, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022. Zisome kwa Kiswahili na Kiingereza, uweke alama kwenye kila kifungu chenye neno faini au kifungo. Wenye chaneli za mtandaoni hapa mjini huja kuniuliza baada ya kuitwa polisi, wakati ilitakiwa waulize kabla.

Field, yaani mafunzo kwa vitendo, njoo ufanyie nyumbani. Dar watakukalisha mapokezi upige fotokopi, kwa sababu wanafunzi ni wengi kuliko viti. Redio za huku, kama Jamii FM ya Naliendele au Fadhila ya Masasi, zina watu wachache na kazi tele, hivyo utaandika habari, utaihariri na utaisoma. Barua ya chuo ipeleke mapema kwa mkono, uliza ni nani atakayejaza logibuku yako, daftari la kumbukumbu za kazi, na kubaliana siku za kwenda vijijini na nani analipa nauli ya bodaboda. Hili la nauli wengi wanaona aibu kuliuliza. Uliza tu. Na ukija kwetu, njoo na hedifoni zako mwenyewe, maana za studio tumezifunga kwa selotepu na sikio la kushoto halisikii kitu.