Somo: Kutoa toleo jipya la programu, kuanzia kupanga mpaka limemfikia mteja

Wadau habari zenu. Hili somo ni la timu ndogo, zile za watu wanne watano ambapo developa ndiye pia testa na jioni ndiye anashika simu za wateja, kama uko kwa benki yenye idara nzima ya rilizi (kutoa matoleo) mengine hayatakuhusu. Mfano ntatumia ni mfumo wa mishahara kwa sababu ndio kazi yangu ya kila siku hapa Nairobi, na mishahara haina masihara, mkate mtu shilingi elfu mbili kimakosa uone kama hatapanda ngazi mpaka ofisi ya HR kabla chai haijapoa.

Kitu kimoja kishike kabla hatujaanza. Kupeleka msimbo (maandishi ya programu yenyewe) kwa seva ni kazi moja, kumfungulia mteja kile kitu kipya ni kazi nyingine. Wengi wanazifanya zote kwa mpigo mmoja, Ijumaa jioni, halafu wikendi inaliwa. Karibu kila hatua hapa chini ni ya kuzitenganisha hizo mbili.

Hatua ya 1: Anza na kalenda ya mteja

Usianze na orodha ya vitu unataka kujenga. Anza na siku ambazo mteja hataki kuguswa. Kwa mishahara, kuanzia kama tarehe 20 watu wa HR wanaingiza ovataimu na advansi, mwisho wa mwezi watu wanalipwa, halafu PAYE (kodi ya mshahara) lazima iwe imefika KRA, mamlaka ya kodi, kabla ya tarehe 9 kupita. Kwa hivyo nafasi yetu ni kuanzia tarehe 10 mpaka 19 hivi, nje ya hapo hatugusi kitu isipokuwa dharura. Mfumo wa shule moto wake ni wiki ya kufungua, wa duka ni mwisho wa mwezi na Desemba. Kaa na mteja akuonyeshe mwezi wake, usikisie.

Halafu kuna tarehe za serikali na hizo huna usemi. SHIF, makato ya bima ya afya, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024 kwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, angalau watu walikuwa wameisikia ikija. Sasa kumbuka Desemba ya mwaka huo huo: sheria ya marekebisho ya kodi ilisainiwa tarehe 11 na ikaanza kutumika tarehe 27, katikati ya Krismasi na Mwaka Mpya, nusu ya madevelopa wako ushago na mtandao wa kubahatisha. Na haikuwa kubadilisha namba tu. SHIF na makato ya nyumba yakawa yanatolewa kwanza kabla PAYE haijakokotolewa, na pensheni isiyotozwa kodi ikapanda kutoka 20,000 mpaka 30,000 kwa mwezi. Yaani mpangilio wenyewe wa hesabu ulibadilika. Ndio maana mpango wa robo mwaka uliojaa mpaka pomoni mimi siuamini, lazima kuwe na nafasi ya jambo kama hilo.

Hatua ya 2: Nani anasema hapana

Fupi hii. Chagua mtu mmoja, akisema kitu hakiingii kwa toleo hili basi hakiingii, hata kama sales ameshamuahidi mteja. Weka tarehe ya kufunga mlango, sisi ni wiki moja kabla, baada ya hapo ni kurekebisha bagi (kasoro za programu) peke yake. Kitu kisichoisha kinangoja toleo lijalo, hakiburuti wenzake.

Hatua ya 3: Namba za toleo

Tumia namba tatu, kama 4.2.1. Ya mwisho inapanda ukirekebisha bagi, ya katikati ukiongeza kitu bila kuvuruga vya zamani, ya kwanza ukivunja kitu ambacho mifumo mingine inakitegemea. Weka tegi (alama ya jina) kwenye kila toleo ndani ya Git, ile programu inayotunza historia ya msimbo. Hapo hakuna siri, tuendelee.

Hatua ya 4: Viwango viwe data, na kila kitu kipya kiwe na swichi

Hapa ndio pesa iko. Ukifungua mfumo ukute mtu ameandika 0.0275 ndani ya msimbo, jua kila bajeti ikisomwa mtakuwa na toleo la dharura. Kiwango kinakaa kwa jedwali la databesi, na kando yake tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Chukua NSSF, makato ya akiba ya uzeeni: Februari 2024 kikomo cha juu cha mshahara unaokatwa kilikuwa 36,000, Februari 2025 kikawa 72,000, na kwa asilimia 6 makato ya juu ya mfanyakazi yakaruka kutoka 2,160 hadi 4,320. Kwa jedwali hiyo ni mistari miwili. Unaweza kuingiza mstari wa Februari ukiwa bado Januari na hakuna kitakachobadilika mpaka mwezi wake ufike, na mtu wa HR akifungua tena payslip ya Novemba ya mwaka uliopita apate hesabu ya Novemba ile, isiwe ya leo. Watu wanasahau sana hii ya mwisho, halafu mkaguzi anakuja.

Kubadilika kwa mpangilio, kama ile Desemba, jedwali peke yake haitoshi, hapo unahitaji hesabu mbili ndani ya msimbo, ya zamani na mpya, na tarehe ya mshahara inaamua ipi itumike. Kwa vitu vingine kama skrini mpya au ripoti mpya unaweka swichi: msimbo uko kwa seva, umelala, mteja haoni kitu mpaka uiwashe. Ukiona mambo yameenda mrama unazima swichi, huhitaji kupeleka msimbo tena saa nane usiku huku mikono inatetemeka.

Hatua ya 5: Databesi ndio haina kurudi nyuma kirahisi

Msimbo unarudisha wa jana kwa dakika chache. Databesi ikishabadilishwa na wateja wakaanza kuandika ndani, kurudi ni kazi. Tuseme una safu inaitwa nhif_namba na unataka iwe sha_namba (SHA ndio mamlaka inayosimamia SHIF). Usibadilishe jina moja kwa moja, toleo la zamani likirudi litaitafuta ile ya kwanza na litakufa. Fanya hivi: toleo moja linaongeza safu mpya na kuandika kote kuwili, halafu unajaza rekodi za zamani taratibu, toleo linalofuata linasoma kwa safu mpya, na ile ya zamani unaifuta mbele huko ukiwa na uhakika hakuna anayeigusa. Inachosha, ndio, lakini kila hatua ina njia ya kurudi.

Na bakapu ambayo hamjawahi kuirejesha mahali mkaona imefunguka, hiyo si bakapu.

Hatua ya 6: Kupima

Kwa mishahara kipimo kizuri kuliko vyote ni kuchukua mwezi uliopita, uupitishe kwa toleo la zamani na jipya, halafu ulinganishe mfanyakazi kwa mfanyakazi mpaka senti. Kila tofauti lazima iwe na maelezo, ukisikia "ni raundi tu" usikubali kabla hujaona. Lakini usibebe majina na namba za kitambulisho za watu ukamwaga kwa seva ya majaribio iliyo wazi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na hata bila sheria hiyo ni utovu wa adabu. Badilisha majina na namba, acha viwango vya mshahara.

Kama unalipa au kupokea kwa M-Pesa, sandboksi (uwanja wa majaribio) ya Daraja, ule mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo na M-Pesa, tumia lakini usiiamini peke yake. Jaribu kolbeki (ule ujumbe wa kukujulisha malipo yamepita au la) ikija mara mbili, ikichelewa, isipokuja kabisa. Mfumo ukipokea kolbeki ileile mara mbili uandike malipo moja.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Jumanne au Jumatano asubuhi, watu wakiwa macho na wakiwa ofisini. Amri zote ziwe zimeandikwa kwa karatasi moja kwa mfuatano, mmoja anasoma mwingine anaandika. Juu ya karatasi andikeni pia kipimo cha kurudi nyuma, kwa mfano "makosa yakizidi hapa ndani ya dakika kumi tunarudi", kwa sababu ukingoja kuamua wakati moto unawaka, mtabishana. Kisha hakikisha seva zote zimepata toleo. Zote. Kampuni ya Knight Capital kule Marekani, Agosti 1, 2012, walipeleka msimbo mpya kwa seva nane lakini moja ikarukwa, ile moja ikaanza kununua na kuuza hisa kama mwendawazimu na kwa kama dakika 45 wakapoteza zaidi ya dola milioni 440.

Hatua ya 8: Fungulia kidogo kidogo

Wateja wawili wapole kwanza, wale wanaopiga simu kabla ya kulaumu. Siku mbili tatu ukiona shwari, ongeza, halafu wote. CrowdStrike Julai 19, 2024 walituma faili moja yenye kasoro kwa wateja wote kwa pamoja, na Microsoft ikakadiria mashine milioni 8.5 za Windows ziliathirika.

Ujumbe kwa mteja uandike kwa lugha yake. "Tumeboresha moduli ya hesabu" hakuna anayejua ni nini. Andika "payslip ya mwezi huu SHIF itaonekana juu ya PAYE, na kodi ya wafanyakazi wengi itapungua kidogo, hilo si kosa". Simu zitapungua nusu, na mimi hapo ndipo napenda developa aandike rasimu mwenyewe, inamlazimisha aelewe alichojenga.

MASWALI

Mdau wa Rongai: Mkuu mimi niko peke yangu, developa ni mimi, testa ni mimi, hata askari ni mimi. Hizi zote nitaziweza kweli?

Hapana, na usijaribu zote. Chukua tatu: tarehe ya kutoa isigongane na siku za mteja, bakapu umeijaribu, na ile karatasi ya amri. Ya nne ikiwezekana ni swichi, hata ikiwa ni safu moja ya ndio/hapana kwa jedwali la wateja, huhitaji kununua huduma ya mtu.

Testa wa Westlands: Bosi yetu kila mara anataka Ijumaa ili Jumatatu mteja akute kitu kipya. Nimwambie nini?

Dada, usimpinge na nadharia. Mwambie msimbo utaenda Alhamisi ukiwa umelala, swichi itawashwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Mteja anapata alichoahidiwa Jumatatu na nyinyi wikendi mnalala. Akikataa hata hiyo muulize kwa upole Jumamosi atakuwa zamu na nani.

Kijana wa Android, Kasarani: Apu ikiwa na bagi naweza kurudisha toleo la zamani kwa Play Store?

Kurudisha kama kwa seva, hapana. Ukiwa umetoa kwa asilimia, tuseme 10, unaweza kusimamisha isiendelee, lakini waliokwisha kuipata wanabaki nayo. Dawa ni kupandisha toleo lingine lenye versionCode (namba ya ndani ya toleo) kubwa zaidi, hata kama ndani ni msimbo wa zamani. Kwa Apple toleo la hatua kwa hatua linaenda siku saba, linaanza na asilimia 1, na unaweza kulisimamisha. Kwa simu ndio swichi zinakaa kwa seva, kwa sababu kuna mteja atakayekaa na toleo la miezi sita iliyopita akihifadhi bando, na seva yako lazima iendelee kuongea naye.

Mdau wa Rongai tena: Hizo swichi zikiwa mia si zitakuwa zogo?

Zitakuwa. Kila swichi ipe mwenyewe na tarehe ya kufutwa, na kuifuta iwe tiketi kama tiketi nyingine. Na usitumie jina la swichi ya zamani kwa kazi mpya. Wale Knight Capital niliowataja walifanya hivyo hasa, alama iliyokuwa ya kazi ya zamani wakaipa kazi mpya, na ile seva iliyorukwa bado ilikuwa na msimbo wa kale ulioielewa kivyake.

Mama Payroll, Industrial Area: Mimi si developa, mimi ni mteja wa watu kama nyinyi. Nitajuaje kama toleo walilonipa liko sawa kabla sijalipa watu?

Mama, chagua wafanyakazi watano: wa mshahara wa chini kabisa, wa juu kabisa, mwenye ovataimu, aliyeingia katikati ya mwezi, na mwenye mkopo unaokatwa. Wahesabu kwa Excel mwenyewe ulinganishe na mfumo. Usikubali wakupe toleo jipya baada ya tarehe 20 bila sababu ya maandishi, na uwaombe wakuambie nani wa kumpigia siku ya malipo, jina la mtu na namba yake, isiwe ile barua pepe ya info.