Bizari ya pilau: namna ya kuisaga harufu isipotee

Ninasaga bizari za kuuza, na wateja huniuliza mara kwa mara kwa nini pilau ya harusini inanukia mpaka njiani, ya nyumbani hainukii. Jibu ni mafuta. Harufu ya kiungo ni mafuta mepesi yaliyomo ndani ya punje, na punje ikishavunjwa huanza kuruka.

Andaa bizari nyembamba vijiko 4 vya chakula, pilipili manga kijiko 1, karafuu kijiko 1 cha chai, iliki 15 na mdalasini vijiti 2.

1. Pima karafuu. Ibonyeze kwa ukucha: nzuri hutoa mafuta. Kisha tia chache kwenye glasi ya maji. Zilizojaa huzama au husimama wima, kichwa juu. Zilizochakaa hulala juu ya maji. Karafuu kavu nzuri huwa na mafuta asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na mengi kati yake ni yujeno, ndiyo inayotia ganzi ulimi. Chambua makonyo yote, yaani vijiti vya karafuu, maana mafuta yake ni machache sana.

2. Peta bizari nyembamba. Toa vijiti na mchanga. Gramu 100 zina chuma miligramu 66 hivi, kwa hiyo kijiko cha chai, kama gramu 2, kina miligramu 1.3. Lakini kijiko hicho kinagawanywa sahani nyingi. Mama mjamzito asiache vidonge vyake vya chuma kwa kutegemea pilau, tafadhali.

3. Kaanga kavu, moto mdogo. Mimi hukaanga bizari nyembamba na pilipili manga tu, dakika 2 au 3. Punje zikianza kurukaruka na rangi kugeuka kahawia, epua, umwage kwenye sinia palepale, kwani kikaango chenye moto huendelea kuunguza. Ukiona moshi umechelewa; mwaga uanze upya.

4. Poza kabisa, ndipo usage. Iliki toa maganda, mafuta yako kwenye mbegu. Maganda tia kwenye chai. Mashine iwashe kidogo kidogo isipate joto. Kinu ni bora zaidi.

5. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza, kabatini. Saga ya wiki 3 au 4 tu. Usidanganywe na ukali: piperini inayowasha kwenye pilipili manga hairuki, ndiyo maana ya zamani huwasha bila kunukia.

6. Kupika. Kijiko 1 na nusu cha chakula kwa kilo ya mchele. Kitie vitunguu vikishaiva kahawia, kabla ya maji, ukoroge nusu dakika. Harufu hizi hushikwa na mafuta ya kupikia kuliko maji. Ukisubiri supu ichemke, nyingi itapanda na mvuke.